Nyumba ya Kufia

Watu wengi hujenga nyumba kana kwamba kifo ni habari ya jirani. Huchimba msingi wa mawe, huinua ukuta wa kuizunguka, hutia geti la chuma, kisha huwaambia watoto kwamba hapa ndipo kwetu siku zote. Mjini Nyeri, ndani ya uwanja wa Hoteli ya Outspan, ipo nyumba ndogo ambayo mwenyewe alijengewa akijua vyema kwamba anakuja kufia humo. Inaitwa Paxtu. Aliyehamia humo Oktoba 1938 alikuwa na miaka 81. Moyo wake ulikuwa umechoka na madaktari walikuwa wamemwambia apumzike. Huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Aliishi humo miaka miwili na ushei, na tarehe 8 Januari 1941 akafa.

Kwa macho si nyumba ya kushangaza. Anayekwenda kutafuta fahari, nguzo nene na ngazi pana, ataondoka amenuna. Ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa: sebule, meko ya ukutani kwa ajili ya baridi ya jioni, vyumba vya kulala vya mzee na mkewe Olave, na baraza. Siku hizi ni makumbusho madogo. Kuta zimejaa skafu na beji ambazo maskauti wa pande zote za dunia huziacha wanapopita, rangi juu ya rangi, hata mtu husahau kwamba chini yake kuna ukuta. Ukiivua mapambo hayo, nyumba yenyewe haina mafumbo. Imejengwa kwa ajili ya baraza, na baraza limejengwa kwa ajili ya Mlima Kenya.

Fundi wa leo angeiona ina kasoro. Sisi tunaelekeza uso wa nyumba barabarani, apitaye aone madirisha makubwa, vigae vinavyong'aa na gari lililoegeshwa mbele. Pita njia ya Karatina au ya Othaya uhesabu nyumba zilizojengwa miaka ya karibuni, kisha uulize ni ngapi ambazo mwenyewe anaweza kuketi nje yake na kuuona mlima bila kupanda juu ya tangi la maji. Mlima uko pale pale. Tumeujengea ukuta.

Nao hauonekani kila saa. Wenyeji wanajua: alfajiri huwa wazi, mwamba mweusi na barafu kidogo iliyosalia, kilele cha Batian kikiwa mita 5,199 juu ya usawa wa bahari; ikifika saa tatu au saa nne, mawingu yameufunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huonyeshwa wingu na kuambiwa mlima uko ndani yake. Jioni pengine hufunuka tena, kwa muda mfupi. Kwa hiyo anayejenga baraza la kuutazama mlima huu anajenga pia mahali pa kungojea. Sehemu kubwa ya siku yake ataitumia kutazama wingu. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika nyumba hii, kuliko habari zote za umaarufu wa aliyeishi humo: kwamba saa nyingi za uzee wake zilipita mbele ya kitu kilichojificha, na yeye hakugeuza kiti.

Kuketi hivyo ni kazi, ingawa haionekani kuwa kazi. Tuliolelewa kanisani tunafikiri sala ni maneno, na maneno yakikosekana tunadhani sala imekosekana pia. Nyanya zetu walijua aina nyingine. Mtu mzima hutoka nje kabla hakujapambazuka vizuri, husimama mlangoni na shuka begani, hutazama upande mmoja kwa muda, kisha huingia ndani kuchochea moto. Ukimuuliza ametazama nini, atasema ametazama kama kutanyesha.

Wazee wa Agikuyu walipoomba rasmi walikwenda chini ya mugumo, wakachinja kondoo dume, wakainua mikono wakiuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mahali ambapo Ngai hukaa anapokuja kuikagua dunia yake. Waembu na Wameru nao wana maombi yao yanayouelekea mlima huo huo kutoka pande zao. Hawakuhitaji jengo. Kila ombi liliishia kwa kuomba amani, na waliosimama nyuma wakaitikia. Wapo pia wazee wanaosema kwamba hata milango ya nyumba za zamani ilielekezwa huko, ili mtu akitoka asubuhi uso wake uanze na mlima kabla haujakutana na uso wa binadamu.

Mwaka uleule wa 1938, Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu chake, Facing Mount Kenya. Huwa nakaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Mwingereza alikuwa Nyeri, amejielekeza kwa mlima kwa kiti na baraza. Mwana wa Mlima Kenya alikuwa Uingereza, katika mji wa ukungu na moshi, amejielekeza huko huko kwa kalamu. Mmoja aliandika kuhusu ndege na wanyama na kuchora picha zao kwa rangi za maji. Mwingine aliandika jinsi ardhi ilivyomilikiwa, jinsi watu walivyooa, jinsi walivyoomba, na jinsi walivyojenga nyumba.

Sehemu hiyo ya ujenzi inastahili kusomwa polepole. Nyumba ilipaswa kukamilika kwa siku moja. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo, wanawake walileta nyasi za kuezekea, mwenye nyumba akaandaa chakula na pombe ya kuwashukuru waliomsaidia. Jua halikuruhusiwa kuzama paa likiwa wazi, kwa maana nyumba iliyolala bila kuezekwa ingeweza kupata mpangaji asiyealikwa kutoka miongoni mwa pepo wabaya. Kisha ukaletwa moto. Ukawashwa katikati, penye mawe matatu ya meko, na tangu hapo wenyewe walijitahidi usizimike. Nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba kwa sababu ya kuta zake. Ilihesabiwa kwa sababu ya moto.

Ziko habari nyingine ambazo hazipendezi kusimuliwa mezani, lakini bila hizo hatuelewi. Mtu akifia ndani, nyumba iliachwa au ilibomolewa. Ndiyo maana mara nyingi mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona alitolewa nje, na wageni wa kwanza kutoka Ulaya walipoona hivyo wakaandika kwamba hawa watu hawana huruma. Nyumba ilikuwa na uhai wake na kifo chake. Mvua, mchwa na moshi vilikuwa na zamu yao. Kumbukumbu ya babu haikutunzwa ukutani. Ilitunzwa katika jina la mjukuu. Hata leo kijana wa Nyeri anayeitwa jina la baba wa baba yake ni chumba ambamo babu anaendelea kukaa, na hakuna anayelipa kiingilio kumwona.

Kwa desturi hiyo, Paxtu ingebomolewa wiki ile ya Januari 1941. Haikubomolewa. Imebaki imesimama kwa zaidi ya miaka themanini baada ya mwenyewe kuondoka, imepakwa rangi, imeezuliwa na kuezekwa moyoni mwa kila skauti anayesimuliwa habari zake. Sisemi hili ni kosa. Kila jamii ina namna yake ya kukaa na wafu. Lakini nyumba inayokataa kufa hulazimika kuulizwa maswali ambayo nyumba ya nyasi haikuulizwa, kwa kuwa ya nyasi iliondoka na majibu yake.

Swali la kwanza ni la amani, maana nyumba yenyewe imebeba jina hilo kwa Kilatini. Kule Hampshire, Uingereza, familia ya Baden-Powell iliishi katika nyumba iitwayo Pax Hill, waliyoipata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Hii ya Nyeri ikawa amani ya pili. Aliyeipa jina alikuwa askari tangu ujana wake. Mwaka 1899 na 1900 aliulinda mji wa Mafeking kwa siku 217 za kuzingirwa, na kwa ajili hiyo Waingereza wakamfanya shujaa. Miaka michache kabla yake, mwaka 1896, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, aliamuru kiongozi mmoja aitwaye Uwini apigwe risasi baada ya kutekwa. Kulifanyika uchunguzi, akaonekana hana hatia, akaendelea na safari yake. Mwaka 1907 akawachukua wavulana kisiwa cha Brownsea, kambi ya kwanza, na kutoka hapo likazaliwa jambo ambalo limewafundisha mamilioni ya watoto kufunga fundo, kusoma nyayo na kumsaidia mzee kuvuka barabara. Hata mimi nimenufaika na mafundo hayo.

Je, Uwini alipita mbele ya baraza lile, asubuhi moja, mlima ulipokuwa bado haujafunikwa? Sitajitia kumsemea marehemu. Ninachojua ni kwamba uzee una tabia ya kufungua milango iliyofungwa kwa misumari, na kwamba mtu aketiye mbele ya mlima muda mrefu hachagui kila kinachomjia. Wanaoandika kuhusu miaka yake ya Nyeri humwonyesha mzee mchangamfu, amepiga brashi, ana pimbi aliyefugwa akizunguka ndani ya nyumba. Naamini alikuwa hivyo. Naamini pia kwamba mtu haiiti nyumba yake amani mara mbili bila kuwa na sababu.

Swali la pili ni la ardhi iliyo chini ya baraza. Nyeri kama mji ilianza Desemba 1902, wakati kikosi cha Waingereza alichokuwemo Richard Meinertzhagen kilipopiga kambi karibu na kilima cha Nyeri baada ya kupigana na watu wa Tetu, vita ambayo shajara ya ofisa huyo imeisimulia bila aibu. Kutoka kambi ikaja ofisi, kutoka ofisi yakaja maduka, kanisa na hoteli. Outspan ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa zamani katibu wa Baden-Powell, na ambaye kabla ya kuja huku aliwahi kuvusha pombe ya magendo kwenda Marekani wakati ilipopigwa marufuku, kisha akaandika kitabu kuhusu ujanja wake. Mara nyingi utakatifu wa mahali huanzia kwa watu wa aina hiyo, nimeacha kushangaa.

Walker ndiye pia aliyejenga Treetops mwaka 1932, ndani ya msitu wa Nyandarua: vyumba vya kulala juu ya mti, ili wageni wawatazame ndovu na vifaru wakija kunywa maji usiku. Mti aliouchagua ulikuwa mugumo. Kwa macho ya hoteli ulikuwa mti mkubwa wenye matawi imara. Wale ambao baba zao waliomba chini ya miti ya aina hiyo walipewa kazi ya kupandisha mizigo.

Baada ya Baden-Powell, Paxtu ilipata wapangaji wengine wa kufia. Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital, India, mwaka 1875, alikuwa amejulikana kwa kuwinda chui na simbamarara waliokula watu, na baadaye kwa kuwatetea wanyama hao hao. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie waliuza nyumba yao wakaja Kenya, na hatimaye wakakaa katika nyumba hii ndogo. Walikimbia machweo ya himaya moja wakaja kuketi mbele ya machweo mengine. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Corbett alikuwa Treetops pamoja na Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Usiku huo mfalme alifariki Sandringham, Uingereza, na binti akashuka mtini akiwa malkia kabla hajapata habari. Mwezi Oktoba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa.

Sasa mlima ukawa na watu. Mbele ya baraza, katika msitu wa Kirinyaga, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliwaongoza wapiganaji wake dhidi ya utawala wa Waingereza. Nyuma ya nyumba, Nyandarua, alikuwa Dedan Kimathi. Nao waliomba wakiuelekea mlima, udongo mkononi. Ndege za kivita za Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu hiyo, na sauti yake iliwafikia wote, aliyeketi kwenye kiti na aliyejificha chini ya mianzi. Mwaka 1954 Treetops ikachomwa moto. Corbett aliendelea kuandika kitabu chake cha mwisho, kuhusu usiku ule wa mtini, akafa tarehe 19 Aprili 1955.

Lakini mwaka 1954 zilichomwa nyumba nyingi kuliko ile ya mtini. Kuanzia Juni serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika miji yao ya asili iliyotawanyika kwenye miteremko, na kuwasongamanisha katika vijiji vya lazima, kila kimoja chini ya mnara wa walinzi na kimezungukwa na handaki. Waliohamishwa walifika kama milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba walizoziacha ziliteketezwa, mara nyingi wenyewe wakitazama. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, hivyo wanawake ndio waliojenga upya, kwa haraka, kwa mistari iliyopimwa na mtu mwingine, mlango ukielekea penye amri. Hiyo nayo ilikuwa nyumba ya kumalizwa upesi kabla ya giza, ila aliyeogopwa sasa hakuwa pepo. Na moto uliotunzwa katika mawe matatu tangu enzi ya bibi, ni nani aliyepata nafasi ya kuubeba? Nimewahi kuwasikia wanawake wazee wakisimulia walivyobeba: sufuria, mtoto, jembe, mbuzi kama alikuwapo. Moto hawautaji.

Ninapoyaweka haya pamoja, huwa sipati utulivu ambao baraza lile linaahidi. Najua inatakiwa mtu wa sala afikie mahali pa kupatanisha. Wapo rafiki zangu wanaosema mlima ni wa wote, Mungu hana rangi, tuache ya kale. Kuna ukweli hapo, lakini hausemwi vizuri na mwenye kiti kumwambia aliyekosa pa kukaa. Mzee wa Paxtu alikuwa na haki ya kuutazama mlima; ninaamini hata alibarikiwa kwa kuutazama. Kilichonishinda kukivuka ni kwamba nyumba ile ilijengwa ikiwa na mbele tu. Ilielekea Kirinyaga, naam, na ikawapa mgongo watu ambao walikuwa wameuelekea mlima huo kwa vizazi. Huenda hivyo ndivyo nyumba zote zilivyo. Huwezi kufungua dirisha upande mmoja bila kuacha ukuta upande mwingine. Basi pengine sala ya nyumba inaanzia kwa kutoka nje na kuizunguka, mpaka ufike kule usikokaa.

Kaburi la Baden-Powell liko katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, si mbali na hapo. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huichora njiani ikimaanisha kwamba amekwenda nyumbani. Corbett amezikwa makaburi hayo hayo. Olave aliondoka Kenya mwaka 1942, akaishi Uingereza na kuzunguka dunia kwa kazi ya wasichana wa skauti, akafa Juni 1977. Majivu yake yakaletwa Nyeri, yakawekwa pamoja na mumewe. Miaka 35 alikaa katika nyumba nyingine, na ile ya miaka minne ndiyo iliyomrudisha. Sina la kuongeza juu ya hilo. Kila tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa mwanzilishi, maskauti wa Kenya hukusanyika Nyeri, wakaandamana na bendi hadi kaburini, kaptula zimepigwa pasi, watoto wa Nyeri wakiwafuata pembeni.

Vijiji vya 1954 havikuisha vyote vita ilipokwisha. Wapiganaji walipotoka msituni na kukusanyika Ruring'u Desemba 1963, wengi walikuta mashamba yameshapimwa na kugawanywa wao wakiwa hawapo. Waliokosa mahali walibaki vijijini, wakazaa huko, wakazika huko. Hadi leo katika kaunti ya Nyeri kuna watu wanaoishi katika viploti hivyo vyembamba, nyumba zikikaribiana hata paa zinagusana, na kwa miaka mingi wamekuwa wakingoja hatimiliki. Kutoka vingi vya vijiji hivyo mlima unaonekana vizuri, pengine vizuri kuliko kutoka hotelini, kwa sababu hakuna aliyepanda miti ya mapambo.

Sitaki Paxtu ibomolewe. Ningependa tu maskauti wanaokuja Februari, baada ya kuweka skafu zao ukutani na kupiga saluti kaburini, wapande matatu asubuhi inayofuata, washuke katika kijiji kimojawapo, na wawaombe wanawake waliobaki wa umri ule wawaonyeshe mahali lilipopita handaki.